Nyie mafundi mnaofungua programu kwa ruti (akaunti kuu yenye ruhusa zote) bila kuangalia faili ni za nani, mtatuua!

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa laptopu mbovu, nina hasira zangu na acheni nizimwage hapa.

Kuna kaofisi ka spea hapa Dar nawaangaliaga seva yao, ka Ubuntu (Linux) kamoja tu kanakaa chini ya meza ya mhasibu. Ijumaa iliyopita bosi kaleta fundi wa programu ya stoku bila hata kunipigia, kampa paswedi ya ruti, jamaa kagonga gonga nusu saa kachukua laki nne zake kasepa. Jumatatu dogo wa stoo ananiuliza "kaka, mbona folda ya programu mpya ina jina langu?" Nikajua ananitania. Napiga ls -l (inaonyesha faili ni za nani) kwenye /opt, folda ilipowekwa programu, kweli bana, mafaili yote mwenyewe ni dogo wa stoo! Dogo ambaye seva anaingiaga kuangalia mzigo tu.

Mnajua imekuwaje? Jamaa kaingia kama ruti akafungua furushi la programu kwa tar (chombo cha kufunga na kufungua mafurushi ya faili). Ukiwa mtu wa kawaida, ukifungua tar faili zinakuwa zako, lakini ukiwa ruti tar inarudisha umiliki vilevile ulivyokuwa kwenye mashine ya aliyelifunga, na kama jina lake kwako halipo basi inaweka namba yake ya mtumiaji (uid). Huko aliyelifunga alikuwa namba 1001. Sasa Ubuntu mtu wa kwanza anapewa 1000, huyo ni mimi, wa pili 1001, huyo ndo dogo. Yaani dogo kalala mtunza stoo kaamka na programu ya ofisi nzima. Na ilikuwa inazuilika kwa kuongeza --no-same-owner tu, au hata angepiga tar -tvf kwanza akaona kilichomo kabla hajafungua.

Haijaisha. Programu ikagoma kuandika logi, basi bingwa wetu akapiga chmod -R 777 (amri ya kugeuza ruhusa) folda nzima na vilivyomo. Kwa wageni: 7 ni kusoma, kuandika na kuendesha (hii ya mwisho ndo x, na kwa folda ni ruhusa ya kuingia), na hapo zipo tatu, ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya kila mpita njia. Msiniambie "ila faili yenyewe si ungeirudisha kwa ruti na 644 (mwenyewe tu aandike, wengine wasome) ikaisha", haiishi! Folda ikiwa 777 mtu yeyote anaifuta hiyo faili yako ya ruti na kuweka ya kwake yenye jina lilelile, maana kufuta faili ni ruhusa ya folda, sio ya faili.

Sasa sikieni. Humohumo ndani kuna skripti ya bakapu.sh, na fundi kaiweka kwenye kroni (ratiba ya kuendesha amri zenyewe) ya ruti iendeshwe kila saa nane usiku. Nikamwomba dogo akaunti yake, nikaongeza mstari mmoja, id > /root/ona.txt (andika aliyeendesha hii ni nani), nikaenda kulala. Asubuhi faili lipo, ndani limeandika uid=0, yaani ruti mwenyewe. Yani ningekuwa mwizi, seva ilikuwa yangu na paswedi ya ruti sina haja nayo. Nikamwonyesha bosi, anasema "lakini si inafanya kazi?" Aisee nilitoka nje nikanywa maji kwanza.

Kurekebisha sijui nilitumia muda gani, na kwa hasira nikaanza na chmod -R 644, folda zote zikapoteza x programu ikazima kabisa mhasibu akaanza kunipigia kelele (hilo ni langu, nakubali). Mwisho nikafanya hivi: nikatengeneza mtumiaji wa programu tu kwa useradd -r asiye na uwezo wa kulogini, chown -R root:root kila kitu (mwenyewe na kundi wawe ruti), halafu chmod -R u=rwX,go=rX, hiyo X kubwa inawapa x folda na zile faili zilizokuwa nayo tayari. Kama faili zako bado ni 777, zivue x zote kwanza kwa find (zangu ile 644 ilishazivua), ndo urudishie skripti moja moja kama nilivyofanya. Folda ya logi na ya data peke yake ndo nikampa mtumiaji wa programu, na faili lenye paswedi ya databesi likawa root na kundi la programu, 640 (ruti aandike, kundi lisome, wengine hapana). Na kama una faili lenye setuid (alama ya kuendesha programu kwa ruhusa za mwenye faili), chown kwanza ndo chmod, ukigeuza chown inaifuta ile alama.

Nikamtumia fundi WhatsApp kwa heshima kabisa, nikamweleza. Kajibu "bro mimi wateja wote nawafungiaga hivyohivyo na hakuna aliyelalamika".

Wote jamani! Sasa kama nawe mwaka huu ulifungiwa programu ya stoku na fundi wa nusu saa, piga ls -ln /opt (inaonyesha namba badala ya majina) uje utuwekee hapa umeona namba gani. Mimi leo asubuhi nimekuta invoisi yake ya sapoti ya mwezi juu ya meza ya mhasibu, ananiuliza ailipe ama asilipe.