Sindano ya mgongo kabla ya kuwekewa goti bandia: waliopita hapo nisaidieni

Seremala wa Tanga

Wakubwa zangu shikamooni, na vijana marahaba kabla hamjanisalimia.

Mimi ni mzee wa miaka 67, seremala, nipo Tanga. Goti la kulia limesagika. Daktari alinionyesha kwenye eksirei mfupa wa paja umekalia mfupa wa ugoko, katikati hapapiti hata karatasi. Miaka yote nimelipigia sakafu goti hilohilo nikipigilia mbao, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mwezi ujao nimepangiwa kubadilishiwa, hospitali moja kubwa Dar. Upasuaji nimeukubali. Goti bandia lenyewe nimelishika mkononi, daktari alikuwa na la mfano mezani: chuma na plastiki, limesuguliwa likang'aa. Aliyelitengeneza ni fundi.

Kinachoninyima usingizi ni sindano ya mgongo. Daktari aliitaja harakaharaka, "utachomwa ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka hutasikia maumivu, ila utakuwa macho," akaendelea kuandika. Nikaitikia tu.

Sasa hofu zangu, msinicheke. Mke wangu kitinda mimba wetu alimpata kwa upasuaji, akachomwa sindano hiyo, na mpaka leo masika yakianza anashika kiuno: "Ile sindano yao." Majirani zake nao wana hadithi hiyohiyo.

Halafu nina kikohozi cha vumbi la mbao. Nikikohoa sindano ikiwa ndani je? Kuna kijana kwetu alianguka kutoka kwenye mnazi, hajatembea tena, tukaambiwa ni uti wa mgongo. Na mimi nimpe mtu mgongo wangu auchome kwa hiari?

Hii nyingine naona haya kuisema nyumbani. Nimeshika msumeno tangu nikiwa mtoto wa miaka 14. Najua mlio wake kwenye mti mbichi na kwenye mti mkavu, na nyundo ikipiga vibaya naijua hata nikiwa chumba cha pili. Nasikia kwenye goti wanatumia msumeno wa umeme na nyundo kweli kweli. Nilale pale macho makavu nisikilize mfupa wangu ukipasuliwa? Maumivu siyaogopi. Naogopa masikio yangu.

Na ganzi ikiisha kazi haijakwisha?

Je, naweza kudai nusu kaputi nilale nisijue lolote? Au wataniona msumbufu waniondoe kwenye orodha? Naomba wajibu waliopitia. Na msiniambie "mwachie Mungu", hilo nimeshafanya.

Bibi Nyonga

Pole mzee mwenzangu. Mimi nilibadilishiwa nyonga ya kushoto, Moshi, kwa sindano hiyohiyo. Nakueleza bila kupamba.

Walinikalisha ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, miguu juu ya kigoda. Sista akasimama mbele yangu, akanipa mto niukumbatie, akaniambia kidevu kifuani, mabega yalegee, mgongo niutokeze nyuma. Kwa mwenye nyonga mbovu, kukaa vile ndiko kulikoniuma kuliko vyote. Wakanipaka dawa mgongoni, baridi hiyo! Kuna sindano ndogo ya kwanza ya kutia ganzi ngozi. Hiyo inachoma, nisikudanganye, ila kwa muda mfupi. Ile yenyewe nilihisi kusukumwa tu. Kwangu mifupa imekaribiana kwa uzee, hakupata pengo alipojaribu kwanza, akahamia la juu yake. Hakuna lililoharibika.

Kisha likaja joto, likaanzia makalioni likateremka mpaka nyayoni. Nikamwambia sista nadhani nimejikojolea. Akacheka, "Hapana mama, ni dawa inafanya kazi." Wakanilaza upesi. Nikaambiwa niinue mguu. Nikaujaribu, hauji. Hapo ndipo mimi niliposhtuka, maana sindano nilikuwa nimejiandaa nayo, lakini kuuamuru mguu wangu ukanikatalia, hilo hakuna aliyeniambia. Basi wewe nakwambia mapema.

Kuhusu kusikia: nilimweleza daktari wa usingizi kwamba sitaki. Akanitilia dawa ya kutuliza kwenye dripu, nikawa nasinzia na kuzinduka. Nakumbuka mwili unatikiswa mezani kwa kugongwagongwa, maumivu hakuna. Nikauliza, "Mmeanza?" Akanijibu, "Tunashona, mama."

Kilichonisumbua ni kutetemeka. Meno yaligongana mpaka nikaona aibu. Wakaniongezea mablanketi, kikapita.

Kimya Kingi

Mzee dai nusu kaputi. Mimi nilifanyiwa bega kwa hiyo. Niliamka koo linakereketa na nikatapika jioni, lakini sikusikia mlio wowote. Kila mtu na woga wake, usikubali kulazimishwa.

Nesi wa Usingizi

Shikamoo mzee. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuwachoma watu mgongo, hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Nianze na huyo kijana wa mnazi, maana naona ndiye amekukaa kichwani.

Uti wa mgongo haufiki chini kabisa. Kwa mtu mzima kwa kawaida unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sisi tunachoma chini ya hapo, pengo la tatu au la nne. Mahali hapo kuna maji, na ndani yake nyuzi za neva zinaelea kama tambi kwenye sufuria. Sindano ikigusa, uzi huwa unasogea. Ukisikia mshtuko unapita mguuni sema papo hapo, "mguu wa kulia," nasi tunasimamisha. Madhara ya kudumu kwenye neva yapo vitabuni na hutokea, lakini ni nadra sana. Kijana wenu alivunjika mifupa ikabana uti wenyewe, ni habari tofauti na sindano ambayo unene wake ni kama nusu milimita.

Kukohoa: sema "nataka kukohoa." Tutasubiri. Tusichotaka ni kuruka ghafla bila taarifa. Ila hicho kikohozi cha vumbi kakieleze kliniki kabla ya siku yenyewe, wasikilize kifua. Na kwa mwenye kifua cha namna hiyo mara nyingi sindano ya mgongo humfaa kuliko nusu kaputi, kwa sababu unapumua mwenyewe, huwekewi mpira kooni.

Ganzi kuisha: dawa tunayotumia sana hukaa saa mbili mpaka tatu hivi, na goti moja mara nyingi huchukua saa moja na nusu au mbili. Hakuna anayekatwa kabla ya kupimwa. Tunapitisha pamba yenye spiriti kuanzia mguuni kupanda, tunakuuliza kama unaisikia baridi. Kusukumwa na kuvutwa utavihisi, hilo ni la kawaida. Ukihisi makali, sema. Dawa za kuongeza zipo, na mashine ya nusu kaputi iko pembeni yako muda wote.

Ganzi ikishika presha inaweza kushuka, ukasikia kichefuchefu au kizunguzungu. Usivumilie kiume. Dawa yake iko tayari kwenye bomba.

Na ndiyo, una haki ya kukataa. Mgonjwa akikataa sindano ya mgongo haichomwi, basi. Ila kalizungumze na mtu wa usingizi mapema, si ukiwa umeshavua nguo. Mpelekee orodha ya dawa zako zote, hasa za kuzuia damu kuganda kama warfarini, na za miti shamba pia. Hizo zinaweza kubadili uamuzi wote.

Wewe unajua nyundo, basi nikupe moja. Aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898 ni daktari wa Ujerumani, August Bier, mjini Kiel, kwa kutumia kokeini. Alitaka kujua inavyofanya kazi, akamchoma msaidizi wake Hildebrandt, kisha akampiga nyundo ya chuma kwenye ugoko. Hakusikia maumivu. Kesho yake ndiyo alisikia ugoko.

Kuhusu mama, maumivu yake sibishani nayo. Kidonda cha sindano huuma siku kadhaa kweli. Lakini waliofuatilia akina mama waliojifungua kwa ganzi za mgongoni na waliojifungua bila hizo hawakukuta tofauti ya maana kwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Mimba yenyewe inalegeza viungo, halafu unakuja kuinamia mtoto, beseni, ndoo.

Seremala wa Tanga

Marahaba mwanangu. Nimemsomea mke wangu hayo ya mwisho. Anauliza, "Huyo nesi amezaa wangapi?"

Na huyo Hildebrandt alikuwa na moyo. Mimi fundi wangu mwanafunzi angenikimbia.

Nesi wa Usingizi

Mwambie mama wawili, wa pili kwa sindano hiyohiyo. Mgongo unaniuma nikibeba ndoo, na masika huku hayaniachi salama magoti.

Kijana wa Likoni

Shikamoo mzee. Mimi si wa goti, nilivunjika mguu kwa ajali ya boda, nikadungwa hiyo ya mgongo wakanitia vyuma. Upasuaji ulienda sawa. Lakini mumeficha jambo hapa: kuumwa kichwa.

Nilianza baadaye kidogo, nikiwa nishatoka hospitali. Nikiketi kichwa kinapasuka mpaka shingoni, nikilala chali kinatulia. Nikadhani malaria, nikameza dawa za duka. Nyumbani kila mtu na lake. Niliporudi hospitali daktari akaniuliza swali moja tu, "Ukilala kinapoa?" Akajua. Yale maji ya mgongoni yalikuwa yanavuja kwenye tundu la sindano. Wakaniambia nilale, ninywe maji mengi na kahawa, hakikupoa. Mwishowe wakanitoa damu mkononi wakaidunga pale pale mgongoni, iende kuziba. Siku hiyo hiyo nikaketi nikala.

Sikutishi mzee. Ningeambiwa tangu mwanzo nisingeteseka vile.

Nesi wa Usingizi

Ahsante kwa kulisema. Ni kweli kabisa, na bahati ya mzee ni kwamba huwapata zaidi vijana na akina mama waliojifungua kuliko watu wa umri wake. Sindano nyembamba zenye ncha ya penseli, zinazopanua nyuzi badala ya kuzikata, zimelipunguza sana. Mzee, unaweza kuuliza kama wanazo. Si utovu wa adabu.

Seremala wa Tanga

Nimetoka kliniki ya usingizi. Kumbe ni mtu mwingine kabisa, si yule daktari wa goti. Dada mdogo, angekuwa mjukuu wangu, lakini amekaa na mimi akasikiliza. Nimemweleza hata habari ya masikio. Hakucheka. Amesema nusu kaputi anaweza kunipa nikitaka, ila kwa kifua hiki yeye angependa mgongo, na atanitilia dawa ya kusinzia, na nije na spika za masikioni kama ninazo. Mjukuu ameshanikopesha zake. Kasema pia nikiwa mezani nikibadili mawazo kuhusu kusikia nimwambie, aongeze dawa.

Nimekubali mgongo. Mikono inatetemeka nikiandika lakini nimetia saini.

Bibi Nyonga

Siku ile uombe sista akae mbele yako umshike mabega. Na vaa soksi ukitoka, chumba kile ni jokofu.

Seremala wa Tanga

Jamani nipo wodini, goti limefungwa, napapasa simu kwa kidole kimoja.

Sindano ilikuwa kama bibi alivyosema, ile ndogo ndiyo yenye ukali. Nilipata kikohozi katikati, nikasema "nakohoa," wakasubiri, nikakohoa, wakaendelea. Dawa ya kusinzia ilinilaza kidogo. Kisha nikazinduka, nikavua spika moja. Nilitaka kujua.

Msumeno wao si wa kwenda na kurudi kama wangu. Ubao wake unatetema tu pembeni kwa pembeni, mlio mwembamba. Nikaanza kujiuliza wanapimaje pembe kwa macho. Asubuhi daktari alipopita nimemuuliza. Kumbe kwanza wanabana kipande cha chuma chenye mfereji kwenye mfupa, msumeno unapita mferejini. Sawasawa na kifaa changu cha kukatia pembe za fremu! Nikasikia pia harufu kali ya gundi, akasema ni saruji ya mfupa. Nyundo wanapiga kwa mkono mzito kuliko nilivyodhani, lakini aliyeshika anajua, hakuna pigo lililokosea.

Presha ilishuka mara moja, nikaona dunia inazunguka, nikasema, yule dada akatia kitu, ikarudi. Mkojo uligoma mpaka usiku wakaniwekea mpira. Hilo hamkuniambia hata mmoja wenu.

Sasa ganzi imeisha na shida ni nyingine kabisa. Mtu wa mazoezi amekuja anataka nikunje goti, nami nikiweka mto chini yake ndipo napata nafuu. Anauondoa kila akipita. Kwani mto una kosa gani?

Nesi wa Usingizi

Hongera mzee, na la mkojo nisamehe, huwa linatokea kwa wanaume wa umri wako.

Mto ana haki kuuondoa. Goti likizoea kulala limekunjwa halitanyooka tena vizuri. Weka chini ya kisigino kama lazima uuweke mahali. Na dawa ya maumivu meza kama nusu saa kabla hajaja, usisubiri aanze kukukunja ndiyo umwite sista.

Bibi Nyonga

Na usimchukie. Mimi wangu nilimchukia mpaka nilipoanza kupanda ngazi.