Tupeane uzoefu: muvi uliyoiona utotoni, ukairudia ukubwani ukakuta siyo ile uliyokuwa ukiijua

Kijana wa Makorora

Wakuu habari za jioni. Mimi si mtaalamu wa filamu, ni mtazamaji wa kawaida tu. Lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, nikaona nilete hapa tusimuliane.

Miaka ya tisini hapa Tanga, pale Barabara ya 9, kulikuwa na nyumba moja yenye deki ya video. Jumapili tunalipa shilingi ishirini, tunakaa sakafuni, wakubwa kwenye mabenchi nyuma. Picha iliyorudiwa kuliko zote ni Sholay, ile ya 1975 ya Amitabh Bachchan na Dharmendra. Tuliijua mpaka mahali mkanda unapokwaruza. Gabbar Singh, yule jambazi, anapotokea mara ya kwanza huoni uso, unaona viatu, na mkanda wa risasi unaburutwa juu ya mawe. Basi sisi tulikuwa tunachukua mikanda ya suruali ya baba zetu tunaiburuta kwenye saruji ya baraza, mtaa mzima unasikia.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa mmoja. Jai, yule wa Amitabh, anakufa. Na kanuni ya picha kila mtoto anaijua: steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Sasa steringi ni nani? Wengine wakasema ni Veeru, yule wa Dharmendra, kwa sababu amebaki hai, wengine wakasema mkanda wetu umekatwa, upo mwingine ambao Jai anapona. Tumepigana kweli kwa ajili hiyo.

Wiki iliyopita niliiweka kwenye flash, nikaichomeka kwenye TV nyumbani, tukaangalia mimi na mama. Zaidi ya saa tatu. Na niliyemwona safari hii hakuwa Gabbar wala Jai. Nilimwona Radha, yule mkwe mjane wa mzee Thakur, mwenye nguo nyeupe. Kila jioni anapita barazani kuzima taa, moja baada ya nyingine, na Jai amekaa chini kwenye ngazi anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemeshani. Anazima taa, anaingia ndani. Utotoni, pale ndipo tulipokuwa tunatoka kwenda kukojoa, kwa sababu hapakuwa na ngumi.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Mama alikuwa na miaka ishirini na tisa. Taa zile zilipokuwa zinazimwa niliogopa kugeuza shingo kumtazama.

Nani mwingine yamemkuta? Leteni.

Mzee wa Ngamiani

Mwanangu, umenirudisha mbali. Wewe umeonea kwenye deki, sisi tulionea sinema ya Majestic. Ukienda Jumapili kuangalia picha ya Kihindi unapiga pasi shati toka Jumamosi, na binti wa watu amefuatana na shangazi yake, huwezi kumsogelea.

Yangu mimi ni Enter the Dragon, ya 1973. Bruce Lee alifariki Julai mwaka huo, ana miaka thelathini na miwili, picha yenyewe haijatoka. Ilipotufikia Tanga yeye keshazikwa huko Seattle. Tulikuwa tunaambiwa amekufa na hakuna aliyekubali. Utamwambiaje mtu amekufa, na huyu hapa anaruka mbele yako? Tulitoka mle ndani tunapigana mateke mpaka saa ya mnara, askari wakatufukuza.

Mjukuu wangu kaniwekea juzi. Ule ugomvi wa mwisho kwenye chumba cha vioo niliushangilia ujanani. Safari hii nilikuwa naangalia mbavu zake. Amekonda, ngozi imeshika mfupa, na amebakiza miezi michache tu duniani, hana habari. Sikuweza kushangilia.

Kijana wa Makorora

Shikamoo mzee. Majestic sisi tumeikuta jina tu. Asante kwa kutuletea.

Mwana Mikanjuni

Naomba nami niseme, ila yangu ni ndefu kidogo.

First Blood, Rambo ya kwanza kabisa, 1982. Kibanda umiza cha mtaani kwetu, kile cha kuonyeshea video, mwenyewe alikuwa na haraka ya hela, watu wa raundi inayofuata wamejaa nje. Kwa hiyo Rambo akishalipua mji na kumpiga risasi yule mkuu wa polisi, jamaa anazima. Picha imeisha, tokeni. Mimi nimekua nikijua Rambo kashinda, kaondoka zake. Nimesimulia hivyo kwa watu zaidi ya miaka kumi.

Mwaka juzi nikiwa kwenye basi kwenda Dar nikaiangalia kwenye simu mpaka mwisho. Kumbe ile sehemu aliyokuwa anaikata ndiyo picha yenyewe. Rambo hashindi. Anaanguka kwenye kona, analia kama mtoto mikononi mwa mkubwa wake wa jeshi. Anasimulia habari ya rafiki yake huko Saigon: mtoto kaja na kisanduku cha kung'arisha viatu, wao wapo baa, kisanduku kina bomu. Rafiki analipuka, yeye anajaribu kumshika asimwagike, na yule rafiki anasema anataka kwenda nyumbani, wakati Rambo haioni miguu yake iko wapi.

Na ukiangalia mwanzo wake, yule mtu hakuja pale kupigana. Alikuja kumtafuta mwenzake wa vitani akaambiwa amekufa kwa saratani. Anaingia mji wa jirani atafute chakula, polisi hampendi sura wala nywele, anamtoa mjini. Basi. Yote yale yanatokea kwa sababu ya mtu kunyimwa kula sahani moja ya chakula kwa amani.

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera, akarudi 1979. Hakuwahi kutusimulia hata neno moja. Tulichokijua ni kwamba baba hakai akaupa mlango mgongo, na fataki za Mwaka Mpya zikianza anaingia chumbani. Sisi watoto tulikuwa tunamcheka chinichini kwamba mwanajeshi gani anaogopa fataki. Nilipofika Chalinze nilikuwa nimeshafunika uso kwa kofia, abiria mwenzangu ananiuliza kaka una msiba?

Baba amefariki 2009. Laiti yule jamaa angeacha mkanda uishe.

Mama Wawili Chumbageni

Pole sana kaka. Hii nimeisoma mara mbili.

Mjomba Commando

Wakuu naheshimu mnayosema, ila mimi napingana kidogo na mleta mada. Si kila muvi ina kitu kilichojificha. Commando ya Schwarzenegger, 1985, nimeiona nina miaka tisa na nimeiona mwezi uliopita, ni ileile na naipenda vilevile. Wamemteka mtoto wake, anamfuata, anamaliza kisiwa kizima, anarudi na mtoto wake mkononi. Mimi nina binti sasa. Hakuna haja ya kunifafanulia zaidi.

Pale anapomning'iniza yule mtu mwembamba kwa mguu mmoja juu ya genge, anamkumbusha kwamba alimwahidi kumuua wa mwisho, halafu anamwambia nilikudanganya, anamwachia! Tuliangalia ile iliyotafsiriwa, na anayetafsiri aliiweka kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka kibanda kizima kikasimama. Nilikuwa nimebanana na kaka yangu kwenye kiti kimoja. Yeye yuko Muscat mwaka wa kumi na moja sasa. Akipiga simu, kabla ya salamu ananiambia, "Nilikudanganya." Ndiyo salamu yetu.

Kijana wa Makorora

Mjomba, hapo hatupingani. Hiyo ya kaka yako ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Mwalimu Chemba

Mimi kwetu Pangani ila nafundisha sekondari Chemba, Dodoma. Muvi yangu ni The Gods Must Be Crazy, ya 1980, ile ya chupa ya soda inayodondoshwa kutoka kwenye ndege huko Kalahari, na Xi, mwenyeji wa kule, anaibeba kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Nadhani hakuna nyumba yenye TV haijacheka kwa muvi hii. Sisi nyumbani tulikuwa tunagonga ndimi zetu kuiga ile lugha, tunavunjika mbavu.

Nimepangiwa kazi Chemba, wiki ya kwanza naita mahudhurio, nakuta watoto wa Kisandawe. Kisandawe nacho kina ile milio ya kugonga ulimi. Binti mmoja nilipoita jina lake la nyumbani darasa likacheka, akasimama akanifundisha taratibu: ulimi uweke hapa, vuta, achia. Nilijaribu mara tatu. Akaniambia kwa upole, "Basi mwalimu, niite la shule." Nilikaa ofisini baadaye najisikia vibaya sana, nakumbuka tulivyokuwa tunaiga pale sebuleni kana kwamba ile ni sauti ya kuchekesha na wala siyo maneno ya watu.

Nikairudia likizo. Nakiri, N!xau aliyeigiza Xi bado ananivutia kuliko wote mle ndani, uso wake una ukarimu ambao huwezi kuuigiza. Lakini sikilizeni vizuri: karibu kila anachofikiri anasemewa. Kuna sauti ya mzungu juu yake toka mwanzo inaeleza hawa watu wakoje, wanawaza nini, kama vile tunavyoelezewa habari za swala na twiga. Muvi imetengenezwa Afrika Kusini enzi za ubaguzi na aliyeiongoza, Jamie Uys, ni kaburu. Utotoni ningejuaje? Sijaacha kucheka pale gari linapoondoka lenyewe. Ila wanangu wakiiangalia nakaa nao.

Bint Raskazone

Mwalimu umenikumbusha shule. Mimi kinyume chake: Vuta N'kuvute ya Adam Shafi niliisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani, dhamira, wahusika, mandhari, nikamaliza nikasahau. Nikaja kuiona filamu ya Amil Shivji, ya 2021. Yasmin niliyekuwa nimemwandikia nukta nne kwenye daftari nikamkuta ni msichana mdogo aliyeozwa mzee, anatafuta pa kupumulia. Nimekitafuta kitabu upya.

Wa Mwambao

Titanic, 1997. Mama zangu wadogo ni wa Wete, Pemba. Zamani hiyo ilikuwa muvi ya mapenzi, tulikuwa tunasubiri wasimame pale mbele ya meli wanyooshe mikono. Wengine mpaka leo wanabishana kama Jack angeenea kwenye ule ubao. Mimi siwezi tena huo ubishi.

Septemba 2011 meli ya kutoka Unguja kwenda Pemba ilizama usiku. Ndugu zangu walikuwamo. Sitaandika zaidi hapo.

Nimekuja kuiangalia tena baada ya miaka minane. Jack na Rose ni kama hawapo. Nimeangalia yule mama aliyewalaza wanawe wawili kitandani, anawasimulia hadithi huku maji yanapanda. Wale wazee wawili wamekumbatiana, maji yako chini ya kitanda. Na mambo ya boti: ile meli ya kweli ya 1912 ilikuwa na watu zaidi ya 2,200 na boti 20 zenye nafasi ya watu 1,178 tu. Mtu alikaa mezani na kalamu akaona inatosha. Halafu baadhi ya boti zenyewe zikashushwa nusu tupu. Kwenye muvi watu wakishaanza kulia kwenye maji inarudi boti moja tu, na yule ofisa anamulika tochi anauliza kuna aliye hai. Kimya. Anazidi kuuliza. Mimi pale huwa nasimamisha.

Waliosema Cameron, mwongozaji wake, alitumia hela nyingi kutengeneza mapenzi, warudi waangalie lile saa la mwisho.

Mama Wawili Chumbageni

Allah awarehemu ndugu zako. Mimi nilitaka kuleta habari za Lion King, binti yangu wa miaka minne anashangaa wazungu wamejuaje jina la Simba na Rafiki, lakini baada ya hii nanyamaza kwanza.

Wa Mwambao

Amin dada. Lete tu, usinyamaze. Tunahitaji na za kucheka.

Mzee wa Ngamiani

Nina swali kwa mleta mada. Ulisema uliogopa kumgeukia mama yako. Mama alisema lolote?

Kijana wa Makorora

Mzee, nilijua mtu ataniuliza.

Ngoja nieleze kwanza, kwa ambao hawajaifika sehemu hiyo. Yule Thakur, baba mkwe wa Radha, mikono yote miwili imekatwa na Gabbar. Akishaona Jai anampenda mkwewe, anakwenda kwa baba mzazi wa Radha kumwombea binti ruhusa aolewe tena. Anakubaliwa. Halafu Jai anauawa, na Radha anasimama dirishani, anafunga dirisha.

Dirisha lilipofungwa mama aliinuka. Nikadhani anakwenda kulala. Akaenda barazani, nikasikia swichi, akazima taa ya nje kama afanyavyo kila siku, akarudi akakaa. Picha ilipokuwa inamalizika ndipo aliposema, macho yako kwenye TV:

"Yule mzee hana mikono na alimwendea."

Nikamuuliza, "Na wewe mama, hakuna aliyekuendea?"

Akasema, "Babu yako alikuwa na mikono yote miwili." Akaniambia nitoe flash, TV isije ikaungua.