Kuuza shamba la parachichi ili mtoto akasomee ubaharia: akili au kamari?

Mleta mada, Tukuyu
Wakubwa shikamooni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), anataka kushuka pwani akasomee uofisa wa sitaha, yaani wale wanaoongoza meli. Mzee yuko tayari kuuza nusu ekari ya parachichi. Shangazi anapinga, eti mtoto wa Rungwe na bahari wapi na wapi. Mimi pia napinga, ila si kwa hoja ya shangazi.

Darasa peke yake halimpi mtu cheti cha ofisa wa zamu. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, unataka kadeti (ofisa mwanafunzi) wa sitaha akae melini miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, kazi zake zikiandikwa kwenye daftari la mafunzo. Asiyepita njia hiyo atumikie melini miezi 36. Sasa meli ya kumpokea iko wapi? Ada tunaijua. Meli hatujaiona.

Mchangiaji wa Kyela
Mnahangaika na Dar wakati bandari yetu ya Itungi ipo! MV Njombe na MV Ruvuma zinabeba tani 1,000 kila moja, MV Mbeya II abiria 200 na mzigo. Aanzie Ziwa Nyasa, alale kwa bibi yake.

Mleta mada
Ndaga (asante), kaka, ila mkataba ule ni wa meli za baharini, hauhusu zinazoishia maji ya ndani. Nyasa itamkomaza mikono. Siku zinazohesabiwa atazidai kwingine.

Fundi, Iyunga
Nimekaa chumba cha injini miaka tisa, nisikilizeni. Zamu yangu ilikuwa saa sita hadi saa kumi, mchana na usiku: saa nne kazini, nane nje. Zile nane msizihesabu zote usingizi. Kuna kula, kufua, na king'ora kikilia unashuka ngazi umevaa kandambili. Joto kule chini linapita nyuzi 40. Lakini nilijifunza kusikiliza mashine. Pampu ikibadili sauti, mkono uko kwenye vali kabla kichwa hakijaelewa. Darasa gani linafundisha hilo?

Kosa lenu ni sitaha. Mwambieni asome uhandisi wa meli. Huko miezi 12 inachanganya karakana na melini, ilimradi isiyopungua 6 iwe zamu ya injini. Na bahari ikimkataa, ana pa kurudi. Mimi leo natengeneza vyumba vya baridi vya parachichi hizohizo mnazotaka kuuza. Makontena ya baridi niliyajulia melini. Ofisa wa sitaha akirudi Mbeya atamwongoza nani, daladala ya Uyole?

Shangazi mwingine, Mafinga
Haya, na mke? Mkataba wa kazi wa miezi tisa melini unamkuta mtoto anamwita babake "mjomba".

Fundi, Iyunga
Dada, hilo silibishi. Wangu aliniita hivyohivyo. Sheria ya kimataifa inatoa mapumziko saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki, ya kumzoea mwanao haijaandikwa.

Mleta mada
Nimemsomea mzee yote. Dogo kanuna, anasema injini ni kazi ya grisi na yeye anataka mabega yenye mistari. Mzee kajibu kwamba shamba haliuzwi mpaka aletewe barua ya kampuni yenye meli inayompokea. Fundi, naomba kumleta dogo Iyunga Jumamosi akakuone ukiwa umefungua kompresa ya hivyo vyumba vya baridi.