Fyuzi ya runinga inapasuka kila nikiweka mpya: nianze kupima wapi?

Swali (Nyakato, Mwanza)
Wakuu, naomba mwongozo. Runinga bapa ya inchi 32: umeme ulikatika, uliporudi ikazima kabisa, hata taa nyekundu haiwaki. Fyuzi ya bodi ya pawa (T3.15A 250V) ilikuwa nyeusi tii. Nimeweka nyingine ya namba hiyohiyo, ikapasuka papo hapo. Kapasita kubwa (kile kikopo kinachohifadhi chaji) haijavimba. Nina mita ya kawaida tu.

Jibu
Usiweke ya tatu, mkuu. Fyuzi ikiwa nyeusi hivyo ujue kuna shoti kamili upande wa umeme mkubwa, na fyuzi mpya haitaiponya.

Chomoa plagi, kisha toa chaji. Kapasita ile kubwa ya 450V inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa nje. Shika risista ya 2.2k wati 5 kwa koleo lenye mpini wa plastiki, gusisha miguu yake miwili kwenye miguu miwili ya kapasita sekunde tano, halafu hakikisha kwa mita. Bisibisi hapana kabisa.

Zungusha mita kwenye kipimo cha dayodi. Anza na varista, kile kidude cha duara bapa karibu na fyuzi, mara nyingi kimeandikwa 10D471. Umeme unaorudi kwa kishindo hukiua mapema. Kisha dayodi nne za kunyoosha umeme: kila moja isome kama 0.5 upande mmoja, upande wa pili isisome kitu. Mwisho mosfeti, ile swichi ya umeme yenye miguu mitatu. Kinacholia shoti kitoe kwenye bodi upime tena kikiwa nje, maana jirani yake anaweza kukudanganya.

Muulizaji
Ahsante sana. Varista na dayodi ni nzima. Mosfeti nimeitoa, inalia miguu yote mitatu.

Jibu
Basi usibadilishe mosfeti peke yake! Ikishoti mpaka mguu wa geti (unaoiwasha na kuizima), umeme mkubwa hurudi kwenye aisii, yaani chipu inayoiendesha, kwa hiyo nayo ishuku. Pima pia risista ndogo iliyo kati ya mguu wa sosi wa mosfeti na hasi ya kapasita kubwa, huwa chini ya omu 1. Mara nyingi hukatika. Ukiacha mojawapo ikiwa mbovu, mosfeti mpya nayo inaweza kufa hapohapo.

Kabla ya kuwasha, unga balbu ya waya ya wati 60 mahali pa fyuzi (ya LED haifai). Ikimulika kidogo na kufifia, endelea. Iking'aa moja kwa moja, shoti bado ipo. Ikififia, kapasita kubwa isome karibu volti 320, waya mweusi wa mita ukiwa kwenye hasi ya kapasita hiyohiyo. Ukiuweka upande wa pili wa transfoma vipimo vitakupotosha.

Jibu
Niongeze moja: kwa nyumba zilizo karibu na ziwa, futa bodi kwa brashi na spiriti kabla ya kuirudisha. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga, hufia ndani, na mabaki yao yakishika unyevu hupitisha umeme kati ya miguu ya mosfeti.