Mwaliko wa kupanda gari la 1903: nivae nini, nile nini?

Kutoka: Baba Rukia, Haywards Heath

Assalaam alaykum, na habari za Jumapili, wazee kwa vijana.

Nina swali ambalo mke wangu analicheka tangu juzi. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na ushee, ana banda nyuma ya nyumba. Mwaka mzima nilidhani anaweka mashine ya kukatia majani. Wiki iliyopita kalifungua, ndani mna De Dion-Bouton ya mwaka 1903. Halina mlango, halina kioo cha mbele, halina paa. Taa za shaba, magurudumu kama ya mkokoteni wa punda, ila membamba. Injini ina silinda moja tu. Anasema chama chao kinatoka matembezi Jumapili iliyo karibu na tarehe 23 Aprili, kupitia Cuckfield, Lindfield na Ardingly mpaka Horsted Keynes, na anataka nikae naye kiti cha kushoto.

Sasa, nivae nini? Chakula cha mchana ni kwenye baa, mimi Mwislamu nitakula nini? Rukia ana miaka minne na analia anataka kuja. Akinipa niendeshe, leseni yangu ya Tanzania inafaa? Nimeingia hapa Uingereza Oktoba mwaka juzi. Na la mwisho, nijibuni bila kunipaka mafuta: mzee huyu ananitaka mimi, au anataka kifua cha kusukuma?

Kutoka: Mjomba wa Luton

Anataka kifua. Nenda.

Kutoka: Mama Swaleh, Guildford

Waalaykum salaam, baba Rukia. Mimi na marehemu mume wangu tumetembea na vyama hivi miaka kumi na moja, na Morris Minor yetu ya 1968, ile yenye mbao nyuma. Ngoja nikutahadharishe kabla hujaaibika huko: ya kwetu si veterani. Watu hawa wana madaraja kama meza za harusi. Veterani ni gari lililotengenezwa kabla ya 1905. La baada ya hapo, mpaka 1918, wanaliita la Edward. Kisha vinteji, hadi mwisho wa 1930. Sisi wa Morris ni klasiki tu, yaani tumekuja jana. Ukiliita gari la 1903 klasiki, mwenyewe atatabasamu, lakini moyoni umemchoma.

Nguo. Jua la Aprili ukiliona dirishani lisikudanganye. Bila kioo cha mbele, maili ishirini kwa saa ni kama kukaa omo ya jahazi usiku. Fulana mbili za ndani, koti lisilopitisha upepo, soksi za sufu, glovu, miwani yoyote ya kuzuia wadudu, na kofia yenye kamba ya kidevuni. Ya kwangu ya kwanza ilibaki juu ya ua wa mtu huko Surrey, na hakuna aliyesimama kuniokotea. Suruali uipendayo iache nyumbani. Injini zile zinadondosha oili kwa makusudi, ndivyo zilivyoundwa, na upepo unaileta nyuma.

Chakula. Mwambie mzee aandike mapema, usingoje kufika. Jumapili baa zao hupika nyama ya kuoka, na viazi vyake mara nyingi vimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata, kwa hiyo kusema tu huli nguruwe hakutoshi. Omba samaki au kisicho na nyama kabisa. Kuhusu pombe usihangaike, madereva wengi hawaigusi siku ile, na hakuna atakayekuuliza mbona glasi yako ina maji ya limau. Mimi nilikuwa napeleka mahamri na chupa ya chai ya tangawizi. Safari ya kwanza waliyatazama. Ya pili wakaonja kwa adabu. Ya tatu nikapigiwa simu Ijumaa kuulizwa kama nitakuja, na sikuona dalili kwamba ni mimi niliyekuwa naulizwa.

Maongezi yao ni kabureta asubuhi na kabureta jioni. Mwaka wa kwanza nilichoka. Lakini mume wangu alipofariki, watatu kati yao walikuja na msumeno na mbao za mti wa ashi, wakafungua nyuma ya Morris, wakatoa ubao uliooza wakatia mwingine. Mbao za gari lile si pambo, ndizo mifupa yake. Walifanya kazi Jumamosi nne. Kuhusu marehemu hawakusema zaidi ya maneno mawili. Mimi nilitoa chai.

Kutoka: Kijana wa Leicester

Samahani wakubwa zangu, mimi hili linanishinda. Mtu anakesha zamu za usiku kulea wazee wa watu, Jumapili yake moja ya kupumzika aende kusukuma mkweche wa mzungu kwenye baridi? Mwaka 1903 huo babu wa babu yangu alikuwa analipa kodi ya kibanda kwa Mjerumani. Wao walikuwa wanatalii na De Dion. Na leo tukawashike mkono wakikumbuka?

Kutoka: Fundi, Coventry

Kijana, hilo la kodi ni kweli na mimi sina la kulifuta. Ila mimi nilikulia Nakuru, na mwaka 1974 baba alinibeba mabegani kandokando ya barabara tukingoja mbio za magari za Safari, ule mwaka Joginder Singh aliposhinda na Lancer. Tulikula vumbi saa nne kwa sekunde tano za kelele, tukarudi nyumbani tumefurahi. Ugonjwa huu si wa kabila moja.

Baba Rukia, nije kwenye maswali yako.

Leseni ya Tanzania, au yetu ya Kenya, inakupa miezi 12 tangu ulipohamia. Wewe umeshapita. Na haibadilishwi kama ya Afrika Kusini. Unaanza na ile ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Usishike usukani hata mkiwa peke yenu kwenye njia ya kijijini, maana bima ya mzee itageuka karatasi ya kufungia vitumbua. Isitoshe, kwenye De Dion nyingi kanyagio la mguu linapunguza mwendo badala ya kuongeza. Mguu wa mtu aliyezoea Corolla utawapeleka mtaroni.

Mtoto. Gari lililotengenezwa bila mikanda haliruhusiwi kubeba mtoto wa chini ya miaka mitatu kabisa, na aliyezidi mitatu akae nyuma. De Dion ya viti viwili nyuma yake ni wapi? Rukia aende na mama yake kwa gari lenu, mkutane Horsted Keynes. Pale stesheni kuna treni za mvuke za reli ya Bluebell. Atasahau kilio.

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Gari lile huwashwa kwa hendeli, na mzee atachoka akupe wewe. Kwanza hakikisha amerudisha nyuma ile wenzo ya moto wa plagi, muulize kwa mdomo wako, usione haya. Kisha shika mpini vidole vyote vitano upande mmoja, gumba likae pamoja na wenzake, lisiuzunguke mpini. Vuta kutoka chini kwenda juu, usisukume kushuka. Injini ikipiga teke, mpini unarudi kinyume na nguvu ya punda, na gumba lililozunguka linavunjika. Nimeona mkono wa fundi mwenzangu ulivyokuwa. Hata kifundo kinaweza kwenda.

Na kwa wanaonipigia simu pembeni kuuliza kama wanunue gari kuukuu: likivuka miaka 40 unaomba liandikwe la kihistoria, kodi ya barabara inakuwa sufuri, MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, haulazimiki kama halikubadilishwa sana, na ULEZ, ile tozo ya moshi ya London, halilipi. Lakini hiyo sufuri lazima uiombe upya kila mwaka, bima iko palepale, na likiwa bovu barabarani kosa ni lako. Petroli tia E5, ile ya bei ya juu. Hii E10 iliyoletwa Septemba 2021 ina spiriti nyingi, inakula mipira ya zamani.

Kutoka: Baba Rukia, Haywards Heath

Nimerudi salama, gumba ninalo.

Mjomba wa Luton, sikusukuma hata mara moja. Kazi niliyopewa ni mbili. Ya kwanza, mkono wa kushoto. Gari halina indiketa, dereva kakaa kulia, kwa hiyo kona ya kushoto ni mimi kunyoosha mkono mpaka bega liume. Ya pili nilikabidhiwa bila maelezo, kabari ya mti iliyofungwa kamba, nikaipakata.

Nilielewa ni ya nini tulipokuwa tunapanda kwenda Ardingly. Barabara nyembamba, ua wa miti pande zote mbili juu kuliko kichwa, nyuma yetu magari saba ya watu wenye haraka zao. Injini ikaanza kuhesabu: tu, tu, tu... tu... Mzee akasema neno moja tu, "Sasa." Nikaruka, nikatupa kabari nyuma ya gurudumu, gari likakaa juu yake likalia krr. Breki zile zinashika ukienda mbele, ukirudi nyuma zinakuaga. Akaweka gia ya chini, nami nikatembea pembeni na kamba mkononi kama ninayemswaga mbuzi kwenda mnadani. Mama mmoja kwenye gari la nyuma akashusha kioo. Nikajua sasa nitatukanwa. Akauliza ni ya mwaka gani.

Huko juu tulisimama lipoe, maana lilikuwa limechemsha. Hapo ndipo mzee alipoongea. Tarehe 23 Aprili ni kwa sababu ya mwaka 1900, walipoondoka London kuzunguka nchi maili elfu moja hadi Edinburgh na kurudi, ili wananchi waamini kwamba gari linaweza kufika mahali. Nyuma ya hapo sheria ilitaka mtu atembee mbele ya gari kwa miguu, hapo mwanzoni na bendera nyekundu. Iliondolewa 1896, na tarehe 14 Novemba mwaka huo wakatoka London kwenda Brighton kusherehekea. Sasa hurudia kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, na hupitia hapa hapa Cuckfield. Akanitazama na kamba yangu, akasema mimi nimetembea ubavuni kwa hiyo sheria sijaivunja. Alicheka peke yake kwa muda.

Kijana wa Leicester, nilikukumbuka. Nilimwambia mzee habari ya kodi ya kibanda. Alinyamaza, akafuta taa ya shaba iliyokuwa safi tayari, akauliza ilikuwa kiasi gani. Nikasema rupia tatu. Akauliza rupia tatu ilikuwa kazi ya siku ngapi. Sikuwa na jibu, nimempigia baba Tanga, naye anamuuliza shangazi.

Nilikula samaki. Rukia alipanda treni mara mbili na kupiga ile honi ya mpira ya De Dion mpaka mke wa mtu akahama meza.

Mzee kaniandikisha ya Novemba, tunaondoka Hyde Park jua likichomoza. Mama Swaleh, shikamoo, naomba kujua glovu za ngozi za mkono mkubwa ulikuwa unanunua wapi, na mahamri yakilala usiku kucha kwenye mkebe asubuhi yanalainika vipi bila oveni.