Ushauri: Nataka kumpeleka mama Port Antonio, Jamaica, wikiendi moja tu

BintiPangani: Wakuu habari, wakubwa zangu shikamooni. Nipo New Jersey, mama amekuja kunitembelea kutoka Pangani na siku zake za kuondoka zinakaribia, sasa tangu afike ni baridi tu, kutwa ndani ghorofani, anakaa dirishani anauliza hivi huku watu wanaishije. Nimewaza nimpeleke Port Antonio, Ijumaa twende Jumatatu turudi, nimeona ni mji mdogo wa pwani, hauna yale mahoteli makubwa makubwa. Naombeni ushauri wapi tulale, usafiri upoje na kama mtu mzima ataweza ule mtumbwi wa mianzi wa mto Rio Grande. Nijibuni haraka jamani, usingizi sipati.

KobeMzee: Marahaba binti. Port Antonio nimefika, pazuri mno. Shuka Kingston usishuke Montego Bay, kutoka Kingston unakata milima kwa barabara ya Junction, kona kama za kupanda Lushoto, ila wanaendesha kushoto kama kwetu kwahiyo hutapata shida. Mama mpeleke Frenchman's Cove, kuna mto wa maji baridi unaingia baharini palepale mchangani. Mvua jiandaeni, Portland, mkoa wenye Port Antonio, inanyesha kuliko sehemu nyingi za Jamaica. Mimi nilienda Boston Bay kula jerk, ile nyama yao ya viungo vikali, wanachoma juu ya kuni za mpimento, nikala wee, kumbe sahani ya jirani ni nguruwe na wanatumia koleo moja! Mama kama ni muislamu uliza kwanza.

MlaUbwabwa: Mtu wa Pangani anapelekwa kuonyeshwa bahari 😂😂 mama atarudi kijijini aseme nimepanda ndege kwenda kuangalia maji. Napita.

DadaMkubwa_MN: Mdogo wangu, hoteli haimnyimi mtu usingizi. Kuna kitu hujasema. Unaishi Marekani kwa makaratasi gani?

BintiPangani: Makaratasi yangu yapo sawa dada, nina kadi ya kazi, nina leseni, kodi nalipa. Viza ya Jamaica sisi Watanzania hatudaiwi. Naomba turudi kwenye swali, ule mtumbwi unachukua muda gani?

Mwanachuo_Ohio: Kama ulikuja na viza ya mwanafunzi usiogope, mimi viza ilikuwa imeisha nikaenda Jamaica nikarudi. Kuna sheria, ukienda Canada, Mexico au visiwa vya Karibiani (Cuba haimo) usizidishe siku 30, unarudi na I-20 yako (fomu ya chuo ya mwanafunzi) na I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) hata kama viza imekufa. Tena nilikutana na dada mmoja mjamaika pale Negril, basi niwape mkasa wake...

DadaMkubwa_MN: Mkasa subiri kwanza. Binti, mwanafunzi ana I-20 mkononi. Wewe umesema KADI YA KAZI. Umeomba grinikadi?

BintiPangani: Ndiyo dada. Nimeolewa na raia, I-485, fomu ya kuomba grinikadi, ipo mezani kwao uhamiaji tunasubiri usaili. Ila sijavunja sheria yoyote, na kuna rafiki yangu aliomba vilevile akatoka na kadi yake ya kazi akaenda kwao akarudi salama. Mimi naenda siku tatu tu, siyo kwamba nahama.

DadaMkubwa_MN: Eeeh ndilo hilo. Nisikilize vizuri. Kadi ya huyo rafiki yako bila shaka ilikuwa na maandishi kwa chini kwamba inatumika pia kama kibali cha kusafiri, zilikuwa zinatolewa nyingi za hivyo. Toa yako uisome sasa hivi. Kama hayapo, na hujajaza I-131, fomu ya kuomba kibali cha kusafiri, ukapewa kibali, siku unatoka nje ya Marekani ombi lako la grinikadi linahesabika umelitelekeza, iwe siku tatu iwe saa tatu. Na kurudi utarudi na nini? Kama viza imeisha, pale Kingston shirika la ndege lenyewe halikupandishi. Na kama kuna kipindi ulikaa bila hadhi halali ukapitisha siku 180, ukitoka tu unafungiwa kurudi miaka 3, ukipitisha mwaka ni 10. Mimi nimesubiri grinikadi nikazika baba kwa simu, kwahiyo nikikwambia kaa sio kwamba sijui uchungu wa mama.

Ustaadh_Toronto: Pole dada hapo juu. Nyie vijana pia mjifunze subira, mama hakuja kutafuta fukwe, kaja kukuona wewe na mumeo. Mpikie, kaa naye, zungumzeni.

FundiSaa: Wadau mnapigwa, hii ni CHAI. Anasema anaenda Port Antonio, mbona hasemi ndege inashuka wapi? Mtu mwenye mume raia hajui kitu ambacho kila wakili anakisema siku ya kwanza? Na mume yuko wapi humu, hatajwi mpaka alipobanwa. Mtunzi huyu, anakusanya maoni.

KobeMzee: Hata mimi nimeanza kuona moshi. Dada, ndege inashuka wapi?

BintiPangani: Montego Bay. Bei ilikuwa rahisi nikakata, sikujua kama ni mbali vile mpaka baada ya kulipa. Wakili hatuna, fomu tulijaza wenyewe kwa sababu ya gharama, na mume wangu anafanya kazi usiku ndiyo maana safari ni ya mimi na mama. FundiSaa sina cha kukulazimisha uamini. Mama yangu ana presha, nilipoondoka alikuwa anatembea hadi sokoni na kurudi, sasa hivi ngazi zinamshinda, nikisema nisubiri grinikadi ndiyo nitembee naye pwani nitakuwa namsubiri nani? Kadi nimeisoma, hayo maandishi hayapo. Ila tiketi nimeshalipa na mama nimeshamwambia.

DadaMkubwa_MN: Umelipa lini?

BintiPangani: Jana saa nne usiku, safari ni mwezi ujao.

DadaMkubwa_MN: Basi una mpaka leo saa nne. Sheria ya Marekani, tiketi uliyokata siku 7 au zaidi kabla ya safari unaifuta ndani ya saa 24 na hela yote inarudi, ilimradi umekata kwa shirika lenyewe. Futa kwanza, halafu tuongee Puerto Rico. Karibiani ileile, na ndege ya kwenda San Juan ni ya ndani, hutoki Marekani. Mama abebe pasi, wewe beba kadi ya kazi. Ila kabla ya kukata mpigie wakili hata wa kituo cha msaada, umsomee makaratasi yako yote.

FundiSaa: Kama ni kweli, futa dada. Kwa presha ya mama nakuombea afya.

BintiPangani: Nimefuta zote mbili. Nimelia kidogo. Mama kasema popote penye maji ya chumvi. Nimeona Rincón na Luquillo, ipi inamfaa?

KobeMzee: Luquillo. Rincón ni ya mawimbi, miezi hii ya baridi wanajaa watu wa kuteleza mawimbini kwa mbao. Luquillo maji yametulia, mwamba unayazuia kwa nje, na kutoka San Juan ni chini ya saa moja kwa gari. Vibanda vya chakula vimepangana jirani na ufukwe, samaki wa kukaanga wapo na ndizi za kuponda, ila nyingine wanazichanganya na nguruwe, hapo uliza kwanza.