Kompyuta ya HPLC: skrini ya bluu 0x0000007B baada ya kubadili betri ya CR2032

mhudumu_ghorofa2
Habari wadau. Kuna kompyuta ya mezani inayoendesha mashine ya HPLC (ya kutenganisha na kupima kemikali) kwenye maabara ya utafiti. Ni Windows 7, diski ya kuzunguka ya GB 500, na inawasiliana na mashine kwa kebo ya siriali (RS-232) kupitia poti ya COM1. Saa ilikuwa inarudi nyuma kila umeme ukizimwa, kwa hiyo betri ndogo ya ubao mama imebadilishwa. Tangu hapo ikifika kwenye nembo ya Windows inatoa STOP 0x0000007B na kujiwasha upya. Diski nayo inagonga mara moja moja. Watafiti wanataka ipigwe Windows upya leo, lakini CD ya programu haipo na leseni imefungwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nianzie wapi?

kebo_nyeusi
Mkuu, usipige Windows. 7B maana yake Windows imeshindwa kuifikia diski inayowakia. Betri ikitolewa, BIOS (programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows) hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na SATA Mode, yaani namna ya kuongea na diski, inaweza kuhama kutoka IDE (ya zamani) kwenda AHCI (mpya). Windows 7 iliyosakinishwa kwenye IDE huwa haijawasha draiva ya AHCI, ndiyo maana inakata kwenye nembo.

Lakini kabla ya kugusa BIOS, okoa diski. Huko kugonga ndiko kwa kuogopa, na kila ukiwasha unapunguza muda wake. Ichomoe, ipachike kwenye kompyuta iliyowashwa kwa fleshi ya Linux. Usiipachike kwenye Windows nyingine, inaweza kuanzisha chkdsk (ukaguzi wa diski) na kuandika kwenye diski inayokufa. Endesha `smartctl -a /dev/sdX` usome ripoti ya afya ya diski. Mistari namba 5 na 197 (sehemu mbovu za diski) ikiwa zaidi ya sifuri, hesabu diski ni mgonjwa. Kisha nakili kwenye SSD (diski isiyozunguka) isiyo ndogo kuliko diski ya zamani; sdX ni ya zamani, sdY ni SSD:

`ddrescue -f -n /dev/sdX /dev/sdY ramani.log`
`ddrescue -d -f -r3 /dev/sdX /dev/sdY ramani.log`

Amri ya kwanza inachota haraka sehemu zisizoharibika, ya pili inarudia zile korofi. Weka ramani.log kwenye fleshi tofauti, umeme ukikatika utaendelea ulipoishia. Na tafadhali, kabla ya Enter endesha `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` ulinganishe na vibandiko vya diski zenyewe. Ukigeuza X na Y, data ya watafiti imekwenda.

funguo_za_leseni
Naongezea kuhusu leseni. Nyingine husoma MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya mtandao, kwa hiyo usibadilishe kadi wala ubao mama. Nyingine husoma namba ya partisheni, ambayo ddrescue huihamisha kama ilivyo. Inayosoma namba ya diski yenyewe itakataa SSD. Hapo ni kumwandikia mtengenezaji wa mashine. Rekebisha tarehe ndani ya BIOS kabla ya kuwasha, baadhi ya leseni hujifunga zikiona saa imerudi nyuma. Uwashaji wa kwanza iwe SSD peke yake. Diski mbili zenye saini moja (namba ya utambulisho iliyonakiliwa) zikikutana, Windows huifungia mojawapo.

Faili zilizoandikwa saa ikiwa mbovu ziorodheshwe na kulinganishwa na daftari la maabara. Msizihariri.

mhudumu_ghorofa2
Asanteni sana. SSD inawaka baada ya kurudisha IDE, leseni imekubali. Sasa programu haiioni mashine, kebo ni ile ile.

kebo_nyeusi
Chanzo ni kile kile. BIOS imezima poti ya siriali au imehamisha anwani yake. Irudishe kwenye anwani 3F8/IRQ4, hiyo ndiyo ya COM1. Halafu fungua Device Manager, sehemu ya Ports, uhakikishe haijaitwa COM3. Ukimaliza piga picha kila ukurasa wa BIOS, chapisha, bandika ndani ya kasha.

nakala_ya_usiku
Msiiache kwenye mtandao wa wazi. Windows 7 haina msaada tangu Januari 2020. Zima SMB1 (toleo la zamani la njia ya Windows ya kushirikiana faili), kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita humo, na Windows 7 inatumia SMB 2.1 bila shida. Ukuta wa moto uruhusu seva ya data tu. Kila usiku nakili data kwenye seva:

`robocopy D:\Data \\seva\hplc /E /MINAGE:1 /R:2 /W:5`

/MINAGE:1 inaruka faili ambazo mashine bado inaziandika. Usitumie /MIR: mtu akifuta faili kimakosa upande wa maabara, usiku huo huo inafutwa na kwenye seva.